Goti Lililokataa Kusalimia

Kwa baba yangu salamu si maneno, ni magoti. Mtoto wa kike ukimkuta baba yako amekaa, unashuka chini kwanza, magoti yote mawili yakaguse ardhi, ndipo unafungua mdomo. Nimefanya hivyo tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Nilifanya hivyo hata asubuhi niliyoondoka kwenda Australia kusomea uuguzi, nikiwa na sketi mpya nyeupe, na nikapanda ndege na udongo wa Nyasubi, mtaa wetu wa Kahama, magotini. Kwa hiyo mwezi wa tano, niliporudi nyumbani mapumziko, nikasimama mbele ya baba nimenyooka wima na kusema, "Shikamoo baba," hakuamini. Alingoja nishuke. Na mimi nikangoja aitikie. Mama aliyekuwa anapepeta mchele pembeni akaacha kupepeta.

"Marahaba," akasema baba hatimaye. Ila hakuniambia mimi. Aliuambia mwimo wa mlango.

Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa goti la kulia. Msimu uliopita kano ya ndani ilikatika nikiwa uwanjani, wakanipasua, na daktari akachukua kipande cha kano nyingine, ya mbele ya goti, akakitumia kuziba pengo. Alifanya kazi nzuri. Goti lilipona, likakimbia, likaruka, likapanda ngazi. Kitu kimoja tu lilikataa, nacho ni kupigwa chini kwa salamu. Nikilikalia naona nyota mchana. Nilimweleza baba haya yote nikiwa nimesimama palepale. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauambia tena mlango: "Goti linakimbia, lakini halipigi magoti. Hilo ni goti la namna gani?"

Hapo lazima nieleze kazi yangu, maana nyumbani hakuna aliyekuwa anaijua vizuri, na mama alikuwa amefanya juhudi isijulikane. Uuguzi nilimaliza. Cheti ninacho. Lakini nikiwa bado mwanafunzi, binti niliyekaa naye chumba kimoja alinivuta uwanjani jioni moja kwa sababu timu yao ilipungukiwa mtu. Ni mpira wa Waaustralia, mpira wenyewe una umbo la yai, unaruhusiwa kuushika, kuupiga teke, kuupiga ngumi umfikie mwenzako, na ukitaka kukimbia nao lazima uudundishe kila baada ya hatua kadhaa. Mwenye mpira anaruhusiwa kuangushwa. Mimi nimelelewa kwa kukamata ndama waliotoroka zizini. Siku hiyo nilimkamata kila mtu, hata wa timu yangu, kwa sababu sikuelezwa rangi za jezi. Kocha wao akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia nirudi kesho. Miaka michache baadaye nikawa naucheza kwa mkataba, kwenye ligi ya wanawake, mbele ya watu wanaolipa kiingilio.

Mama aliwaambia majirani kwamba mimi ni nesi wa hospitali kubwa. Nilipoumia na kulazwa, alifurahi kidogo, maana kwa wiki ile maneno yake yalikuwa karibu na ukweli: nilikuwa hospitalini kweli. Matokeo yake nikifika likizo majirani wanapanga foleni kwenye kibaraza, huyu miguu inawaka moto, yule presha, na kuna mzee mmoja aliyeniletea mbuzi anayekohoa.

Baba yeye aliambiwa ukweli, kwa simu, na mimi mwenyewe. Nilimweleza sheria. Kila upande kuna milingoti minne. Ukipitisha mpira kati ya ile miwili ya katikati kwa teke, unapata pointi sita. Ukikosa, ukapita kati ya mrefu na mfupi wa pembeni, unapata moja.

"Ukikosa unapewa?" aliuliza.

"Moja tu, baba."

"Kwa kukosa?"

"Kwa kukosa kwa karibu."

"Hiyo nchi ni tajiri sana," akasema, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za mpira.

Sasa, baba si mtu wa kudharau michezo. Ananunua na kuuza mpunga na ng'ombe, lakini ujanani alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, anayetunga nyimbo na kucheza mbele ya wenzake. Na ngoma kwetu Usukumani si onyesho, ni mashindano. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja upande wake, na hakuna jaji. Jaji ni miguu ya watazamaji. Ukiona wale pale wanacheza vizuri zaidi, unawaacha hawa unahamia kule, na jioni mwenye watu wengi ndiye mshindi. Baba alipoacha kucheza akawa mtazamaji wa kuogopwa. Huenda kila ngoma na kigoda chake cha miguu mitatu, na akikibeba kuhama upande, watu humfuata. Aliwahi kumwacha mdogo wake mwenyewe anacheza jasho linamtoka, akabeba kigoda, akavuka. Walinuniana mpaka mavuno.

Klabu ilikuwa imenipa msimu mmoja zaidi, kuona kama goti litabeba. Nilijua unaweza kuwa wa mwisho. Na nilitaka jambo moja kabla sijarudi: baba aione kazi yangu kwa macho yake, na nikimwamkia aniitikie mimi, asiuitikie mlango. Nililitaka mpaka likaniudhi. Mtu mzima, nimevunjwa pua mara kadhaa bila kulia, halafu kila asubuhi nasimama mbele ya kigoda nasema shikamoo, na mlango unaitikiwa vizuri kabisa. Baada ya wiki moja nikaanza kuuonea wivu.

Nikaamua: kama baba haendi kwenye mpira, mpira utakuja Kahama.

Timu ya kwanza ilikuwa rahisi. Niliwachukua mabinti wa netiboli wa kata yetu, warefu, wepesi, wenye mikono ya kudaka. Nikajihesabu kuwa mmoja wao. Timu ya pili ilijileta yenyewe. Kulikuwa na mama mmoja wa Buseresere, mteja wa mama yangu, anayekuja kuchukua mchele kwa gunia. Kazi yake ni kuponda mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, yeye na wanawake wenzake, kutwa nzima nyundo juu nyundo chini. Mikono yake ni minene kuliko mapaja yangu, na mimi mapaja yangu ni ya mkataba. Alinikuta kibarazani nawaeleza mabinti sheria, akatua gunia lake.

"Subiri kwanza, mdogo wangu," akasema. "Mtu akishika mpira, naruhusiwa kumwangusha?"

"Unaruhusiwa, dada."

"Chini kabisa?"

"Chini kabisa."

"Na polisi hawaji?"

"Hawaji."

Akabeba gunia lake. "Jumamosi tupo," akasema.

Uwanja ulikuwa shida. Mpira huu unachezwa kwenye uwanja wa mviringo, na Kahama nzima hakuna uwanja usio na kona. Aliyeniokoa ni mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Nyasubi. Familia yao wanacheza kriketi Jumapili, na kriketi nayo inachezwa kwenye mviringo. Nilipomwambia sura ya uwanja ninaoutaka, aliinuka kwenye kiti chake cha kaunta kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Binti," akasema, "maisha yangu yote nangoja mtu wa mji huu aniulize swali hilo."

Akatoa chokaa, kamba, na milingoti minane ya mikaratusi. Uwanja wenyewe ni ule wa mnada wa ng'ombe, siku ambayo hakuna mnada. Akaomba pia awe mwamuzi wa goli, na akaja na koti lake jeupe la kriketi limepigwa pasi. Tulipokuwa tunasimika milingoti watu walikusanyika kuuliza. Wa kwanza alisema ni mnara wa simu. Wa pili akasema ni hema la harusi. Bibi mmoja hakubishana na mtu, alitaka kujua tu mgombea gani anakuja na atagawa kanga saa ngapi.

Jumamosi watu walijaa. Baba alikuja. Sikumwomba, nilimwambia mama kwa sauti, baba akiwa karibu, kwamba kuna mashindano, na pande ni mbili. Hilo lilitosha. Alifika na kofia yake ya pama na kigoda mkononi, akakiweka pembezoni mwa chokaa, katikati kabisa ya pande mbili, kama afanyavyo ngoma inapoanza kabla hajaamua. Mama alikaa upande mwingine na majirani. Nilimsikia akiwaeleza, "Ameombwa aje kuhudumia majeruhi."

Tukaanza. Na hapo nikagundua kosa ambalo hakuna kocha Australia angelifikiria. Netiboli ukidaka mpira huruhusiwi kutembea. Mabinti wangu walikuwa wamefundishwa hivyo tangu shule ya msingi, limeingia kwenye damu. Wa kwanza alidaka vizuri ajabu, akasimama kwa mguu mmoja, akaanza kutafuta wa kumpa. Mama wa Buseresere alimjia kama lori la mpunga lisilo na breki. Nikapiga kelele, "Kimbia!" Binti akanigeukia kwa mshangao, kama nimemwambia aibe. Kilichofuata nilikitazama kwa jicho moja.

Wa pili akadaka, akaganda. Wa tatu akadaka, akaganda. Walianguka mmoja mmoja, kwa adabu, mpira kifuani, na mguu mmoja bado juu. Wanawake wa Buseresere hawakujua kudundisha, mpira ukipiga kwenye alama za kwato zilizokauka unaruka unakotaka wenyewe, lakini hawakuhitaji. Walikuwa wanaokota tu, wanakwenda, na mwisho wa safari mmoja anaupiga teke la kufukuza kuku, unapita katikati. Mzee wa duka anatoka mbele, ananyoosha vidole viwili, ishara ya goli, kwa heshima zote. Pointi sita. Tena sita. Tena.

Afadhali ingekuwa hayo tu. Babu mmoja, mjomba wa nahodha wetu, aliona pale alipokaa haoni vizuri, akaingia uwanjani na fimbo yake ili asogee karibu. Nahodha alikuwa ndiyo kwanza amejifunza kukimbia na mpira; alikuwa peke yake, mbele yake hakuna mtu, goli linamwita. Akamkuta mjomba. Akashuka magoti yote mawili. "Shikamoo mjomba." Mjomba akaanza kuuliza habari za nyumbani, na mama yake, na ng'ombe. Nahodha alifika kwenye habari za ng'ombe alipokumbwa kutoka nyuma.

Nilitaka kucheka na nilitaka kuua mtu. Na nilipogeuka kumtazama baba, nikaona kile nilichokuwa nakiogopa tangu asubuhi. Watu walikuwa wanahama. Hawakuwa wameambiwa na mtu, ni mazoea: upande ule unacheza, upande huu unaanguka, miguu inajiendea yenyewe. Upande wetu ukabaki vumbi na watoto wawili na mbuzi. Kisha baba akasimama. Akapangusa kigoda chake kwa kiganja. Akavuka kwenda kwao.

Nakiri iliniuma kuliko kisu cha daktari. Nilisimama na mikono kiunoni nikamtazama baba yangu mzazi akijipanga vizuri katikati ya watu wa Buseresere, na mtu akampa nafasi ya kivuli. Nikamtukana kimoyomoyo kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, na kwa Kiingereza cha kule, ambacho kwa matusi kimekamilika. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lilinitia hasira zaidi. Ningekuwa mtazamaji ningehama na mimi.

Ukweli ni kwamba sikuwa nacheza. Nilikuwa nawaelekeza watu. Nilikuwa nakimbia pembeni nikilichunga goti langu kama mtu aliyebeba trei ya mayai, na nilikuwa sijaruka hata mara moja. Mpira ukafunguliwa upya, ukapigwa juu sana, ukaning'inia. Chini yake alisimama mama wa Buseresere, mikono wazi, hana haraka, maana nani angemkaribia.

Kuna kitu kimoja kwenye mpira huu kinachowafanya watu wazima kusimama vitini. Unaruhusiwa kupanda mgongo wa mwenzako kuudaka mpira hewani. Si faulo. Ni sifa. Unakimbia, unaruka, unaweka goti lako begani kwake, yeye anakuwa ngazi, na wewe unakwenda juu. Sikufikiri. Nilikimbia, nikaruka, goti la kulia, lile lile bovu la heshima, likatua kwenye bega lililozoea nyundo, bega lisilotikisika, na nikapanda. Niliona uwanja wote. Niliona mabati ya Nyasubi. Niliona kofia ya baba ikiinuka kunifuata. Nikaudaka mpira juu kabisa, kisha nikarudi chini kwa mgongo, bila ufundi wowote, pu.

Mama wa Buseresere akageuka, akanitazama pale chini.

"Mdogo wangu," akasema, "umenipanda?"

"Nimekupanda, dada. Inaruhusiwa."

Akafikiri. "Na mimi nitakupanda," akasema, akanivuta kunisimamisha.

Ukiudaka hivyo unapewa kuupiga bila kusumbuliwa. Nikajipanga. Goti linapwita, baba yuko kule amesimama. Nikapiga. Na nikakosa. Ulipita kati ya mrefu na mfupi, kwa karibu sana. Mzee wa duka akatoka mbele na koti lake jeupe, akainua kidole kimoja: pointi moja. Kwenye kriketi kidole kimoja maana yake umetolewa, toka nje, kwa hiyo jamaa zake wote waliokaa chini ya mwavuli wakashangilia kwamba nimetolewa, na mmoja akaanza kunionyesha njia.

Hapo ndipo baba alipobeba kigoda.

Hakuzunguka. Wazee wa ngoma hawazunguki. Aliingia uwanjani na mpira unaendelea, akakata katikati, kigoda kwapani, taratibu, kama anavuka uwanja wake mwenyewe. Mama wa Buseresere alikuwa anakuja mbio na mpira, watu wanamshangilia, na akakutana naye uso kwa uso. Akafunga breki. Akashuka magoti yote mawili, mpira kwapani. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mayo. Mwadela," akajibu baba, akimwita mama na kumsalimu tena kwa Kisukuma, akasimama kabisa, na akaanza kuuliza habari za Buseresere.

Nahodha wetu alikuwa amejifunza. Alimkumba yule mama kutoka nyuma kwa furaha ya mtu anayelipiza, wakabingirika wote wawili mpaka kwenye chokaa, na mpira ukarudi kwetu. Baba hakugeuka kutazama. Alifika upande wetu, upande wa vumbi na mbuzi, akatua kigoda, akakikalia. Nilingoja watu wamfuate, kama wanavyomfuata siku zote. Safari hii hakufuatwa na mtu yeyote. Alikaa pale peke yake mpaka mwisho, mikono magotini, na kila nilipopita mbele yake alisema kwa sauti ya kimanju, "Ruka!"

Tulifungwa vibaya. Ile moja ya kukosa ndiyo pointi yetu ya kwanza na ya mwisho. Majeruhi walikuwa wengi, na nikawafunga bandeji wote palepale pembeni mwa uwanja, mama akiwaonyesha majirani kwa kidole: si niliwaambia?

Nilipomaliza nikamwendea baba. Alikuwa bado kwenye kigoda, uwanja umebaki mtupu. Nikaanza kushuka. Nilikuwa nimeamua, liwalo na liwe, nitaona nyota nizione. Goti lilikuwa halijafika chini aliponishika kiwiko.

"Yaya," akasema, yaani hapana. "Acha. Nimeliona lilikopanda."

Nikabaki nimeinama nusu, sijui nipande au nishuke.

"Na kule kukosa," akaongeza, "kulikuwa kwa karibu kweli."

Siku ya kuondoka majirani wote walikuja kituo cha basi, pamoja na mwenye mbuzi, na mbuzi alikuwa amepona. Mzee wa duka alinipa soda na kuniambia milingoti hataing'oa. Mama alikuwa analia kwa niaba ya ukoo mzima, huku akimweleza mama mmoja ambaye hatumjui kwamba huyu ni nesi, anarudi kazini, wagonjwa wanamsubiri. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya mizigo. Nikasimama mbele yake, nimenyooka.

"Shikamoo baba."

Pale kituoni hapakuwa na mlango wa kuitikia. Lakini hakuutafuta. Aliinua uso chini ya ile kofia, akanitazama mimi, machoni, muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yake, mpaka nikaanza kulia na mimi.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu," akasema. Kisha akamgeukia yule mama tusiyemjua. "Usimsikilize mke wangu. Nesi gani? Huyu anakwenda kucheza."